Kabla ya Siku ya Tatu

Bibi Anjelina wa Lulindi alikuwa uani anamenya mihogo ya kuanika makopa, mara jirani yake Mama Barnaba akaja mbio na simu yake kubwa mkononi.

"Mjukuu wako huyo. Analia."

Kisu kikamponyoka. Witness, aliyemlea tangu hajaota meno, alikuwa na miezi miwili Ujerumani. Kanisa lilibadilishana wanafunzi na kanisa la huko kwa mwaka mmoja: wao wamchukue wetu, sisi tumchukue wa kwao.

"Shikamoo, Bibi. Nimerudishwa kutoka shule kwa ajili ya mchango."

"Mchango gani tena? Si walisema kanisa limelipa?"

"Limelipa ada. Jana mwalimu kasoma majina matatu, langu la mwisho, eti kuna hela hatujaleta. Nikabeba begi langu nikatoka."

"Na huyo mama unayekaa kwake?"

"Hajui. Asubuhi naaga kama naenda shule, nashinda stesheni ya treni. Leo siku ya pili. Kuna baridi, Bibi, na askari ananiangalia. Wakinikamata watanirudisha Tanzania."

Stesheni Bibi hajawahi kuiona. Aliona mtoto wa kike peke yake, na askari.

"Twende kwa padri tukaombe hela," Mama Barnaba akadakia.

"Mimi? Hata chumvi sijawahi kuomba!"

"Haya, kaa na kiburi chako, mtoto agande."

Neno hilo likamchoma. Akajiona yuko Newala, darasa la tatu, jina lake linasomwa vilevile. Baba yake akasema hambembelezi mwalimu yeyote, wangoje korosho ziuzwe. Siku ya kwanza Anjelina aliona haya. Ya pili akaogopa. Ya tatu akashika jembe. Korosho ziliuzwa, yeye hakurudi, na mpaka leo anasoma kwa kufuata kidole.

"Witness! Rudi shule sasa hivi."

"Bila hela?"

"Bila hela. Mwambie mwalimu huna. Akikufukuza, sogea hatua mbili, simama tena."

"Naogopa."

"Hata mimi naogopa. Nenda!"

Simu ikakatika. Bibi akaing'ang'ania kwa mikono miwili, Mama Barnaba akiidai hampi. Nzi wakaijaa mihogo. Je, askari akimshika njiani? Si yeye Bibi ndiye aliyemtuma?

Jua lilikuwa limeshapinda simu ilipolia. Bibi hakujua pa kubonyeza, ikabidi Mama Barnaba aipokee.

"Bibi, niko shule. Kumbe walikuwa wananitafuta, mama wa huku kalia mpaka macho yamevimba. Mchango upo kweli, wa safari ya darasa. Nitatoa kidogo kidogo kwenye posho yangu. Wanasema hapa mtoto hafukuzwi kwa hela."

"Hafukuzwi?"

"Hafukuzwi, Bibi."

Bibi Anjelina hakuamini. Aliketi chini penye maganda.

"Muulize mwalimu tena," akamwambia Witness. "Na kesho asubuhi uende ukamuulize tena, mke mwenzangu. Mimi niko hapa hapa, sitoki."