Maombi ya Upande wa Pili wa Ukuta

Nyakerario alikuwa na dawa moja ya kumnyamazisha mwanawe, nayo ni maombi. Si kwamba Mungu alimziba kijana mdomo. La, ni vile mtu hawezi kumkatiza mama yake akiwa amepiga magoti. Kwa hiyo yale ambayo akina mama wengine wa Sironga huwaambia watoto wao mezani, yeye alimwambia Mungu alfajiri, kwa sauti ya kutosha kupenya ukuta wa udongo hadi chumba alicholala Onyiego.

"Bwana, nakushukuru kwa mwanangu. Amerudi na diploma. Sasa umfundishe kutandika kitanda."

Onyiego, aliyesomea maendeleo ya jamii chuoni Nakuru, alijifunika blanketi mpaka kichwani. Angejibu nini? Hakuwa ameongeleshwa.

Alikuwa amerudi nyumbani akiwaka moto. Alipoona wanawake wakiinama kuteka maji yaliyovurugwa na ng'ombe kwenye chemchemi ya bondeni, aliapa kwamba aibu ile itakoma. Akaandika, akapiga simu, akakalia mabenchi ya ofisi, mpaka shirika moja likakubali kutoa saruji na mabomba ya kuijenga chemchemi. Sharti lilikuwa moja tu: wanakijiji wachimbe mtaro na kukusanya mawe wenyewe. Afisa angekuja kukagua Jumatatu asubuhi. Asipokuta mtaro, saruji ingepelekwa kijiji jirani cha Kiogoro, ambako watu walikuwa wakiimezea mate.

Basi Onyiego akaitisha mkutano pale chemchemini, Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Alikuja mtu mmoja. Alikuwa Mzee Nyangau, jirani yao, na hata huyo alikuwa akimtafuta ng'ombe wake. Lakini mwenye moto kifuani hahitaji umati. Onyiego akamhutubia kuhusu nguvu ya wananchi, haki ya maji na usingizi wa Afrika, mpaka mzee akakohoa.

"Maneno matamu, mwanangu," Nyangau akasema. "Ila ng'ombe hujamwona?"

Kijana akapanda mlima akifoka. Alimkuta mama yake uani, ameketi kwenye kigoda, akipaka viatu rangi. Maharagwe ya kesho yalikuwa yameshaiva, gauni la kanisani limepigwa pasi, na pembeni kulikuwa na beseni zima la wimbi la uji lililosagwa.

"Mama, watu wa hapa hawataki maendeleo! Nimehutubia hewa!"

"Umekula?"

"Mama, nakwambia habari za mapinduzi!"

"Nami nakwambia habari za ndizi. Zinapoa, tata."

Alizoea kumwita hivyo, tata, yaani baba, kwa kuwa kijana alirithi jina la babu yake, baba mzazi wa Nyakerario. Mtu akiitwa hivyo hasira hupungua makali. Onyiego akala ndizi.

Jua likazama nyuma ya migomba, na kutoka nyumba hadi nyumba zikasikika nyimbo za kuikaribisha Sabato. Nyakerario akapiga magoti.

"Bwana, umsamehe mtoto huyu. Amesoma mpaka amesahau kwamba Ijumaa jioni kila mama Msabato anashindana na jua jikoni."

Onyiego akafumbua jicho moja. Lo! Utoto wake wote alikuwa akikimbizwa kuleta kuni na maji kila Ijumaa kabla jua halijatua, na chuo kikaja kumfutia yote hayo kichwani.

"Kesho nitapita nyumba kwa nyumba," akasema baada ya amina.

"Nyumba utazikuta. Watu watakuwa kanisani."

"Basi nitakuja kanisani."

Mama yake akamsogezea vile viatu alivyokuwa akivipaka rangi. Vilikuwa vya Onyiego, na tangu amalize chuo havijawahi kukanyaga kanisani.

Huko kanisani Onyiego aliomba nafasi ya kuhutubia. Akaambiwa kwa upole kwamba Sabato si siku ya kutangaza kazi za jembe. Jumatatu ilikuwa inamjia mbio, naye amefungwa mdomo. Ndipo ukafika wakati wa kutoa haja za maombi, na Nyakerario akasimama.

"Wapendwa, sina mengi. Kesho mwanangu anachimba mtaro wa chemchemi, peke yake. Naomba mumwombee mgongo. Mikono yake mnaijua, imezoea kalamu. Mimi nitampikia uji wa wimbi, ingawa sijui mtu mmoja ataumalizaje."

Kanisa zima likaangua kicheko. Gesare, kiongozi wa akina mama, akaitikia amina ndefu kama barabara ya Keroka. Onyiego alitamani ardhi ipasuke immeze, ila alijua ardhi hiyo hiyo ingemngoja kesho na jembe.

Jumapili alishuka bondeni na umande. Ilikuwa siku ya kuchuma majani chai, hivyo hakutarajia mtu. Alichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, na mtaro ulikuwa bado mfupi kuliko kivuli chake.

"Mgongo unaendeleaje?" sauti ya Gesare ikatokea kwenye migomba. "Jana tumeuombea, leo tumekuja kuukagua!"

Nyuma yake walikuwa wanawake wenye majembe, wanaume wakisukuma mawe kwa wilibaro, na Mzee Nyangau akimvuta ng'ombe kwa kamba.

"Leo nimekuja naye," mzee akasema, "nisikilize bila wasiwasi."

Ikawa kama risaga ya wazee wa zamani, ambapo majirani wote humlimia mmoja naye huwapa cha kunywa, ila Wasabato hawa kinywaji chao kilikuwa uji. Onyiego akapanda juu ya jiwe kuwashukuru.

"Shuka uchimbe!" Gesare akamkemea. "Hotuba tutaila na uji."

Nyakerario akateremka na sufuria kubwa kichwani. Mwanawe aliitazama, akakumbuka lile beseni la wimbi. Wimbi hilo lilikuwa limeshasagwa Ijumaa, kabla hata Nyangau hajamuuliza habari za ng'ombe. Mama yake alikuwa ameupikia umati ambao yeye alikuwa ameukatia tamaa.

Jioni mtaro ulikuwa umekamilika hadi kwenye njia ya kijiji, na mawe yamerundikwa kando yake. Kiogoro wangetafuta saruji yao kwingine.

Alfajiri ya Jumatatu Onyiego aliamka mapema kuliko kawaida. Kijana aliyeweza kuhutubia bara zima alikuwa na maneno mawili yaliyomshinda kutamka, asante na Mama. Mwishowe akapiga magoti, uso ameuelekeza ukutani.

"Mungu," akanong'ona, "humu ndani kuna mwanamke mmoja..."

"Paza sauti, tata," ikatoka upande wa pili. "Mungu anakusikia. Ni mimi ambaye masikio yangu yamechoka."

Onyiego akaanza tena tangu mwanzo, safari hii kwa sauti ya mkutanoni.