Binti Yetu Anakaa Pangoni

Reli ilipofika Shinyanga, mume wangu alipata kazi ya kupakia marobota ya pamba kwenye mabehewa, nami nikamfuata mjini. Nilikuwa bibi harusi mpya, na Kiswahili changu kilitosha kuombea maji tu. Tulipata chumba kwa bibi mmoja Mwislamu, mjane mzaliwa wa Tabora.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Wewe ndiye unayekuja kupanga?"

Nikaitika kwa adabu, nikachutama uani, nikaanza kumpangia vyungu vyake, vikubwa chini, vidogo juu. Aliniacha nimalize, kisha akacheka hadi ushungi ukamdondoka.

"Kupanga chumba, mwanangu! Kukaa kwangu na kulipa pango."

Neno lile lilinishangaza. Kwetu vijijini Usukumani mtu akitaka pa kukaa alionyeshwa pori, akajenga. Kulala ndani ya ukuta wa mwenzako kwa malipo, jambo hilo hata jina hatukuwa nalo.

Basi mchuuzi wa ng'ombe aliyekuwa akielekea kwetu alipopita, nikataka ijulikane kwamba sasa mimi ni mtu wa mjini. Nikamtuma aseme kwamba sisi ni wazima, na pango letu ni zuri.

Baba aliwahi kuwa mpagazi wakati wa vita, akaokota maneno machache ya Kiswahili. Kwa bahati mbaya "pango" alilijua vizuri, maana walijifichia mvua humo. Wiki haikuisha nikamsikia mlangoni. Ameshika mkuki, na nyuma yake baba mdogo kajitwika ngozi ya mimi kulalia njiani.

"Ng'wanone, mwanangu, toka! Mume gani huyu anayekulaza na fisi?"

Bibi akatoka na birika la kahawa. "Karibuni. Fisi wa wapi tena?"

"Tumeambiwa binti yetu anakaa pangoni," alisema baba.

Bibi alikaa kizingitini, machozi ya kicheko yakimtiririka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Alipopata pumzi akawafungulia chumba chetu: kitanda cha kamba, mkeka, kuta zilizopakwa chokaa. Baba akagonga ukuta kwa mpini wa mkuki.

"Hili ndilo pango?"

"Ndilo. Mimi napangisha, wao wanapanga."

"Ukuta wa nani?"

"Wangu."

"Na binti?"

"Binti ni wako. Ila akipika mlenda wake ule, anakuwa wangu mimi."

Baba akacheka kwa sauti, kicheko nilichokuwa nimekikosa tangu niondoke nyumbani, akauegemeza mkuki ukutani na kupokea kikombe. Walilala kwetu siku mbili. Baba mdogo aliliezeka upya jiko la bibi, lililokuwa likivuja, na jioni mume wangu aliwapeleka stesheni kuona garimoshi.

Baada ya mavuno baba alikuja na gunia la mtama. Nilipolikimbilia akanizuia kwa mkono. Lilikuwa la bibi, la kulipia pango. Ikanibidi nimwombe bibi unga, naye akanipimia huku akitabasamu.