Taulo Kwenye Kitasa

Wale wasichana wawili walikaa chumba kimoja bwenini chuoni. Mmoja walimwita Chuma, eti kwa sababu haumwi. Haumwi wapi! Aliumwa kama watu, ila alijitibu kimya: anasukutua maji ya chumvi, anajifukiza kwenye beseni, analala, kesho yuko darasani. Mwenzake walimwita Kideka. Huyo akipiga chafya moja tu, korido nzima inajua.

Na korido yao ilikuwa na mtindo wake. Ukishikwa na mafua, unatundika taulo kwenye kitasa cha mlango. Anayepita akiliona anajua humu kuna mgonjwa: alete maji ya moto, alete supu, na asimkalie puani akaambukizwa.

Basi Kideka alipotundika lake, ikawa kama arusi. Asali hii, malimau haya. Na Miwani, kijana wa darasani kwao ambaye Chuma alikuwa anamtaka mpaka anamwota, akaja na supu ya kuku, akawa anampulizia kijiko. Anampulizia! Mtu mzima na mdomo wake! Chuma yuko kitandani kajifanya anasoma, roho inamchoma kama kala pilipili.

"Chuma, tuchemshie maji," Miwani akasema, wala hakugeuka.

Hapo ndipo akili ilipomruka. Mtu aliyekuwa akinawa mikono kutwa, akachukua kikombe cha mgonjwa, akanywea palepale alipoweka mdomo mwenzake. Na yeye alitaka kijiko chake.

Mafua yakaja, tena na ndugu zake wote: homa, koo, mifupa. Kideka keshapona, kaenda mjini kutingisha kiuno. Chuma akatundika taulo, akachana nywele kwanza, ndipo akajilaza. Hodi.

Miwani huyo, na bakuli la supu. Akatazama kitanda cha Kideka, kitupu. "Yuko wapi? Mafua yamemrudia?"

"Taulo ni langu," Chuma akasema, sauti kama mlango mbovu.

Yule akacheka. "Acha utani, dada. Chuma naye anaumwa?" Akaweka bakuli kwenye meza ya Kideka, akalifunika kwa sahani. "Mwambie ainywe ingali moto. Na umchemshie maji."

Dada! Akaenda zake.

Chuma akainuka, akakaa juu ya kitanda cha Kideka, akainywa supu yote, akatafuna mpaka gegedu za mifupa. Hakupuliza. Ikamuunguza ulimi, akaona sawa tu.

Jioni Kideka akaingia. "Shoga, nimeambiwa kuna supu yangu."

"Ilikuwepo."

Kideka akamtazama, akamsogelea, akamgusa paji la uso. "Mama yangu, unawaka moto! Mbona husemi?" Akakimbilia birika, akachemsha maji, akakamua limau, akatia asali, akakaa pembeni ya kitanda anapuliza kikombe, fuu, fuu.

Chuma akageukia ukutani.

"Weka hapo," akasema. "Nitapuliza mwenyewe."