Tabasamu la Machteld

Neeltje Blauw alirithi brashi za marehemu baba yake, pamoja na wateja wake wote wa mji wa Haarlem, Uholanzi. Miaka kumi na minane ya kuchora sura za watu ilimfundisha kwamba macho huweza kudanganya, lakini kwa pembe za mdomo ni vigumu.

Siku Mzee Wouter, mfanyabiashara wa kitani, alipomleta binti yake Machteld, Neeltje alishtushwa na hofu iliyokuwa usoni pake. Binti alikuwa ameposwa na mgane wa Danzig, bandari ya mbali, muuza mbao ambaye hajawahi kumwona. Picha ndiyo ingetangulia kwa meli. Machteld aliketi wima, mikono ameibana mapajani mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

"Unaogopa?" Neeltje alimuuliza Machteld, baba mtu alipotoka.

"Dada, ana watoto wakubwa kuliko mimi. Nimemwambia baba. Kanijibu nile samaki wangu ninyamaze."

Neeltje akachora alichokiona: kope nzito, midomo iliyokazwa ya mtu anayezuia kilio. Mzee Wouter alipoiona, akawaka.

"Hii ni ya harusi au ya matanga? Nimekuletea bibi harusi, wewe umenichorea mfiwa!"

"Nimechora aliyeketi mbele yangu, mzee."

"Basi mchore anacheka. La sivyo nampeleka kwa mchoraji jirani yako, yeye hana maneno mengi."

Neeltje alichukua brashi nyembamba, akazinyanyua pembe za mdomo, akaongeza wekundu mashavuni, akatia nukta ya mwanga katika kila jicho. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu. Machteld akaja kusimama nyuma yake, akatazama.

"Uliniona," akasema taratibu, "halafu ukanifuta."

Picha ikaenda. Barafu ya majira ya baridi ilipoyeyuka baharini, binti naye akafuata. Mwaka ulipopita, Wouter akarudi na barua mkononi. Mkwe analalamika: aliahidiwa mke mchangamfu, kaletewa mtu hasemi, hali chakula, kutwa yuko dirishani.

"Umenifanya nionekane tapeli!"

"Cheko lile uliliagiza wewe," Neeltje akamjibu. "Ila mkono ulikuwa wangu."

Akamwandikia Machteld kumwomba radhi. Hakujibiwa. Akaandika tena, kimya.

Tangu hapo, mteja akitaka achorwe anacheka, Neeltje humwonyesha mlango. Wengi wamehamia kwa jirani.

"Anaringia nini yule?" wake za wapika bia husemezana sokoni, makusudi asikie. Yeye hulipia samaki wake, akaenda zake.