Jelatini Niliyoona Aibu Kuiulizia

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni polepole kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Bibi yangu, ndiye aliyetulea, amesema niandike mwenyewe kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Nakuandikia wewe mdogo wangu unayeanza kujifunza mapishi.

Siku ambayo haijanitoka kichwani ni ile washenga walipokuja kwetu Misima, Handeni, kumposa dada yangu Zuhura. Nilikuwa nimerudi kutoka Korogwe, pale Kilole, kwa shangazi anayepika keki za harusi. Huko nilijifunza jelatini, ule unga usio na ladha. Unaunyunyiza kwenye maji baridi, unausubiri uvimbe, halafu unauyeyusha kwenye maziwa ya moto yasiyochemka. Yakipoa kwenye friji yanaganda, yanatikisika kama shavu la mtoto mnene. Niliupenda unga ule kupita kiasi. Niliutia kwenye mtindi uwe mzito, nikaupaka hata kwenye nywele ili zilale. Bibi alishachoka. "Kesho utautia kwenye ugali," alisema.

Kwa ajili ya wageni niligandisha bakuli kumi na nane za maziwa na iliki, kwenye friji la soda la duka la jirani. Asubuhi ya posa nikazileta kwa sinia. Zuhura akapiga kigelegele. "Leo wakwe zangu watajua nimetoka nyumba gani!"

Bibi akagusa bakuli moja kwa kijiko. "Kinachogandisha hapa ni nini?"

"Unga, bibi."

"Unga wa nini? Muhogo? Mahindi?"

Nikatazama chini. Nilikuwa najua. Shangazi aliniambia kwamba jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, akanionya nisinunue ya kupimiwa bila kujua imetoka wapi.

"Ngozi na mifupa," nikasema.

"Ya mnyama gani? Kachinjwa na nani?"

"Sijui, bibi. Kule dukani Korogwe kulikuwa na watu wengi. Niliona aibu kuuliza."

"Aibu!" Bibi aliweka kijiko chini kwa nguvu. "Yule mama wa Kimaasai anayetuletea maziwa, ukinunua kwake kwato za supu anakwambia ni za ng'ombe gani, alikuwa na rangi gani na nani alimchinja. Anakwambia hata kabla hujamuuliza! Na wewe, mjukuu wangu, unataka kumlisha mkwe wetu mfupa usioujua kama ni wa ng'ombe au wa nguruwe?"

"Tusiwaambie," Zuhura alinong'ona. "Nani atajua?"

"Mungu atajua. Na mimi nitajua. Wewe, chukua simu, mpigie huyo muuzaji."

Namba ya duka ilikuwa kwenye mfuko. Nilipiga, nikamweleza kwamba nilinunua kwake mwezi uliopita, nikauliza ni ya mnyama gani. Muuzaji akanijibu kwa kelele, "Dada, mimi napima tu kutoka kwenye ndoo! Ya ng'ombe, ya nguruwe, nitajuaje? Umenunua mwezi uliopita, leo ndiyo unauliza?"

Bibi alizimwaga shimoni mwenyewe, bakuli moja baada ya nyingine, akinung'unika kwamba mjukuu wake ana mdomo wa kulia chakula tu. Zuhura alilia, akasema nimemharibia posa yake. Nikaanza kuosha bakuli.

Wageni walipofika baada ya adhuhuri, tuliwapa chai, maandazi na ndizi mbivu. Bibi hakuficha. Aliwaeleza yote, jina langu likiwemo, nami nilitamani ardhi inimeze. Mshenga mkubwa, mzee wa Mazingara, alicheka.

"Kumbe tumekosa utamu kwa aibu ya binti! Haya binti, na maandazi haya, mafuta yake ya nini?"

"Alizeti, babu."

"Sisikii."

"Alizeti, babu! Imekamuliwa hapahapa Misima!"

"Haya, sasa nakula." Akala matatu. Posa ikapokelewa.

Basi mdogo wangu, wahenga walisema mficha uchi hazai. Aibu ni pambo mahali pake, lakini dukani na jikoni siyo mahali pake. Anayekula chakula chako amekukabidhi tumbo lake, na dini yake pia. Usimpe usichoweza kukitaja kwa sauti. Jelatini ni kitu kizuri, wala sikukatazi. Nunua yenye pakiti iliyofungwa, inayosema imetokana na ng'ombe aliyechinjwa kwa halali, au samaki. Pakiti isiposema, uliza. Muuzaji akikasirika, mwache akasirike. Asipojua, rudisha mfuko wake.

Mungu akupe ulimi usioogopa kuuliza, mikono yenye baraka, na wageni watakaokula kwako wakalala kwa amani.

Na wewe unayesoma, kama unajua duka la Korogwe au Handeni linalouza jelatini inayojulikana asili yake, tafadhali niandikie. Harusi ya Zuhura imekaribia, na bakuli zote kumi na nane bado ninazo.