Msumari Nilioona Haya Kuuomba

Jana Alhamisi, saa tisa alasiri, ndipo nilipojitafutia aibu ambayo hata sasa, ninapoandika peke yangu, inanifanya niufiche uso, na chanzo chake ni msumari, tena hata si msumari wenyewe, ni haya zangu za kuuomba.

Mgeni wa chama alikuwa anakuja kuwasha taa za bwalo letu jipya, na sisi kidato cha pili tuliambiwa tulipambe. Nyaya zote alizipitisha baba yangu, fundi umeme hapa Same (ndiyo maana wasichana wananiita Binti Jenereta, nami hujifanya sisikii). Kamba yangu ya maua ya karatasi ikakosa pa kufungwa. Misumari anayo mwalimu wa stoo, ambaye ukimwomba kitu huuliza kwa sauti mpaka watu wa Ndungu, kijiji cha mbali, wasikie, "Wa nini? Wa juzi uliupeleka wapi?" Nikatazama ukutani, nikaona kile kiboksi ambamo nyaya huunganishwa, kina mfuniko wake na skurubu mbili, nikajiambia, si hapa hapa?

Nilijua. Baba kila siku husema, "Maungio hayalali uchi. Kiboksi kifunikwe, kikazwe, kisichomekwe kitu." Lakini nilipanda juu ya dawati, nikalegeza mfuniko kwa ncha ya kisu, nikachomeka ncha ya kamba yangu ya katani (ncha hiyo niliiloweka ilainike, ilikuwa bado inachuruzika maji), nikakaza skurubu moja, ya pili ikakataa kurudi, nikaitia mfukoni. Rafiki yangu Eliwaza akasema, "Umeipatia, Binti Jenereta!" Nikafurahi, mjinga mimi.

Jioni jenereta likanguruma, mgeni akabonyeza swichi, watu wakapiga makofi, na kiboksi kikatoa cheche. Maua yakashika moto, kamba ikawaangukia watoto wa kwaya waliokaa chini yake, baba akaruka akipiga kelele, "Zimeni jenereta!" huku akiikwapua kwa mkono mtupu. Watoto walipona. Kiganja chake cha kulia, kile cha kazi, kilibanduka ngozi.

Tochi zikawashwa. Mgeni akasema, "Ndugu fundi, huku ni kujitegemea au kuteketezana?" Watu wakacheka. Mwalimu Mkuu hakucheka. "Huyu hashiki tena waya wa shule hii," akasema, "na wilaya nzima nitaiambia."

Baba aliumulika mfuniko uliokuwa unaning'inia kwa skurubu moja, akanitazama mara moja tu, akaizima tochi. Nikafungua mdomo. Watu wote wakanigeukia, nami nikasema, "Samahani, naomba kwenda chooni." Ndiyo, hayo ndiyo maneno niliyoyapata.

Nyumbani mama alimlisha baba ugali kama mtoto. Baba hakuniuliza kitu. Afadhali angenichapa.

Leo asubuhi, mstarini, nilitoka mbele bila kuitwa, nikaitoa skurubu mfukoni, nikaanza kwa kunong'ona.

"Paza sauti!" akafoka Mwalimu Mkuu.

"Skurubu ya kiboksi ni hii. Niliitoa mimi, nikachomeka kamba mbichi. Baba yangu alikuwa amekifunga vizuri."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Mkuu aliichukua skurubu, akaigeuza kiganjani, na mimi sikujua nirudi kwenye mstari au nisimame, basi nikamgeukia mwalimu wa stoo.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema, mpaka Ndungu wasikie. "Naomba msumari."