Waya wa betri ya moyo ulimchomoka mzee wangu, ukatolewa kupitia pajani

Wakuu, salaam kutoka Tabora. Hii sijasimuliwa na mtu, nilikuwepo mwenyewe. Tumerudi juzi na bado nina mzuka, mnivumilie.

Mzee wangu ni mfugaji nyuki, tunaishi jirani na Kipalapala. Moyo wake ulikuwa unapiga taratibu mno, anaanguka hovyo, akawekewa pacemaker, ile betri ya moyo. Inakaa chini ya ngozi ya kifua, waya wake unaingia moyoni.

Sharti lilikuwa moja: wiki sita asinyanyue mkono wa kushoto kupita bega. Jembe tukamnyang'anya. Akatulia kweli.

Kumbe msimu wa kutundika mizinga umefika. Huku kwetu mzinga unafungwa kamba, kamba inapitishwa juu ya tawi, unavuta. Wiki ya tatu mzee akaenda porini kimya kimya, akavuta minne. Jioni akaanguka uani.

Nilipombana akasema, "Mimi sijanyanyua mkono. Nimevuta kamba."

Daah.

Tukapewa rufaa hospitali kubwa. Picha ikaonyesha waya umechomoka, ncha inachezacheza ndani ya moyo. Mimi nikajua hapa ni kupasua kifua, na mzee alishaapa kifua chake hakipasuliwi, bora akafie nyumbani. Niliogopa sana, sifichi.

Daktari, binti ninayemzidi umri, akampa shikamoo yake, akamwambia hakuna kupasua. Wataingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni. Mbele una kitanzi, kinanasa ule waya, wanauvuta nje, kisha wanaweka mpya. Mzee akasaini.

Wakuu, hakupewa dawa ya usingizi! Ganzi tu. Mimi niko nyuma ya kioo naangalia skrini. Kitanzi kikaukosa waya. Kikaukosa tena. Mara ya tatu kikanasa, nikapiga kelele mpaka nesi akanitoa.

Baadaye yule daktari akamuuliza mzee anafanya kazi gani. Siku ile anawekewa betri hakuna aliyeuliza, na mimi niliyekuwa najua msimu unakuja nilikaa kimya. Hilo ndilo somo langu: mkimpeleka mgonjwa, tajeni kazi yake yote, hata ile mnayoiona ya kawaida.

Mliowahi kuuguza mtu mwenye betri ya moyo, mlimzuiaje? Nisaidieni haraka, maana leo asubuhi mzee ameniuliza kama kupanda mti kwa mkono mmoja kunaruhusiwa.